Bastola Kwenye Msumari

Eugenia Laskurain hakuwahi kuanza kula kabla ya kukigeuza kisu chake kuelekea dirishani. Alikishika kwa ncha za vidole, akakiinamisha polepole, akatazama jinsi mstari wa fremu ya dirisha ulivyopita juu ya chuma. Ukipita umenyooka, alianza kula kimya. Ukitetemeka, alikula vilevile, lakini kwanza alisema, "Huyu alikuwa na haraka."

Alifanya hivyo nyumbani kwake, na alifanya hivyo ugenini. Alifanya kwenye harusi ya Garazi, binti wa kaka yake, mbele ya wakwe waliotoka Donostia na visu vyao vya fedha vya urithi. Mama mkwe akauliza kama kisu kina uchafu. "Hapana, mama, ni safi kabisa," akajibu Eugenia. "Ila aliyekisugua alikuwa mwizi wa saa za kazi." Garazi, ndani ya gauni lake jeupe, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwaka mwingine Eugenia aliomba kukishika kikombe cha misa, akakipeleka kwenye mwanga, akamrudishia padri na kumsihi amwombee fundi, popote alipo.

Watu wa Eibar walimcheka lakini hawakumshangaa. Mji wenyewe umebanwa kati ya milima kama kipande cha chuma kwenye jiliwa, na kwa vizazi vingi watu wake walikula kwa kutengeneza bunduki na bastola. Wengine walichonga mitutu, wengine walinakshi, wengine walifyatua risasi za majaribio mpaka wakawa viziwi. Eugenia alikuwa msuguaji. Aliingia karakana ya Barrutia akiwa msichana mwenye kitambaa kichwani, akasimama mbele ya gurudumu la ngozi, na hakuondoka hapo mpaka karakana ilipofungwa na yeye akawa wa mwisho kuvua aproni.

"Kung'arisha hata paka anaweza, kwa ulimi," aliwaambia wasichana waliokuja kujifunza. "Kusugua ni kujua pa kuacha."

Bapa libaki bapa, ukingo ubaki ukingo, herufi zibaki na pembe zake. Mkono ukizidi kidogo tu, ukingo unalegea kama sabuni iliyotumika, na hapo hakuna dawa, kwa maana chuma kilichoondoka hakirudi.

Kwa wale waliozidisha mkono, karakana ya Barrutia ilikuwa na msumari. Ulipigwa juu ya mlango, mnene kama kidole. Kipande kilichoharibika kilifungwa waya kikatundikwa hapo, na chini yake karatasi yenye jina la aliyekiharibu. Hapakuwa na matusi wala kukatwa mshahara. Watu waliingia na kutoka wakipita chini yake, na mwenye jina alipita pia, asubuhi na jioni, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtania. Jumamosi adhuhuri, bwana Barrutia, aliyekitundika mwenyewe, alipanda kistuli, akakiteremsha, akakitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Neno likaishia hapo. Aliyelikumbushia Jumatatu, huyo ndiye aliyekemewa. Wanaume wazima walilia kwa sababu ya msumari ule. Mmoja alihamia Argentina.

Jina la Eugenia halikuwahi kutundikwa. Hakujisifu kwa hilo ila mara moja kwa mwaka, usiku wa Krismasi, baada ya kigilasi cha pombe ya anisi.

Vuli ile alikuwa amevuka miaka sabini, na Garazi alikuwa na arobaini na kitu, mwalimu wa historia katika sekondari ya mji. Kamati moja ilikuwa ikiandaa maonyesho ya kazi za mafundi wa zamani, na Garazi alikuwa mwanakamati. Kwenye ukuta mmoja wa ukumbi wangeweka bastola za kale, na chini ya kila moja kadi yenye jina la fundi aliyeiunga. Jina la fundi, si la mfanyabiashara. Jambo hilo halikuwahi kufanyika. Bastola za Eibar zilizunguka dunia nzima zikiwa na majina ya watu waliokuwa hawajawahi kushika tupa.

Babu yake Garazi, yaani baba yake Eugenia, alikuwa mmoja wa mafundi hao. Bixente Laskurain alichukua vipande vibichi kutoka karakana mbalimbali, akavikalia kwa tupa katika chumba cha chini ya nyumba, mpaka vikakubali kuwa bastola. Mafundi wa namna yake walikuwa na alama zao, kila mtu na yake, wakaigonga mahali pasipoonekana, chini ya vibao vya mpini, ili kazi ikirudishwa ijulikane ni ya nani. Alama ya Bixente ilikuwa kengele ndogo kama punje ya dengu, kwa kuwa alizaliwa shambani kwenye ng'ombe wenye kengele shingoni. Mwaka mji ulipoungua kwa vita, alivuka milima pamoja na wengine kwenda Ufaransa. Haikuja barua. Hakuna kaburi. Kwenye jiwe la familia kuna jina la mke wake, na pembeni nafasi tupu.

Kwa hiyo wajenzi waliokuwa wakibomoa paa la nyumba ya shamba huko juu walipokuta bastola ndani ya mkebe wa samaki, imefungwa kitambaa cha nta, na mzee Txomin Arregi akaitazama kwa muda mrefu bila kufanya mzaha, Garazi alijua kuna jambo.

Txomin alikuwa mmoja wa wale wafyatuaji wa majaribio. Sikio la kulia lilikuwa limekufa na la kushoto lilikuwa njiani. Aliijua bastola ya kale kama mfugaji ajuavyo ndama wake.

"Ishike," alimwambia Garazi ukumbini.

"Naogopa silaha, Txomin."

"Unaogopa nini? Polisi wameziba mtutu, sindano wameing'oa. Huyu sasa ni mzee asiye na meno, kama mimi. Mshike."

Aliishika. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, na uzito wake wote ulijikusanya katikati ya kiganja, kana kwamba mtu fulani zamani alipima kiganja chake. Txomin aliivuta sehemu ya juu, ule mgongo ambao zamani ulirudi wenyewe kila risasi ilipotoka na kuipandisha nyingine. Uliteleza kama droo ya kabati lililotengenezwa na seremala mwenye muda.

"Sikiliza hiyo."

"Wewe husikii kitu!"

"Nasikia kwa vidole. Hapo hakuna nafasi ya kupitisha unywele, na hapo hapo haikwami. Hiyo ni tupa ya mkono, mama, si mashine. Sasa tazama rangi."

Buluu iliyopikwa kwenye chuma ilikuwa imezeeka ikawa rangi ya ganda la zambarau lililoiva. Kwenye kingo, mahali ambapo mfuko wa koti la mtu uliisugua miaka na miaka, chuma kilichungulia cheupe. Kifyatulio kilikuwa cha manjano ya majani makavu, rangi ambayo moto huiacha ukisimamishwa kwa wakati wake. Karibu na mpini palikuwa na kutu.

"Na kutu hii?" Garazi akauliza.

"Usiiguse! Mtu anayesugua bastola ya zamani ni sawa na anayemchuna bibi yake ngozi ya uso ili aonekane msichana. Huo ndio umri wake. Rangi hii ikitoka haipikiki tena." Akaigeuza. "Macho yangu yanasema huyu ni Bixente. Lakini macho yangu hayaandikwi kwenye kadi. Kengele ndiyo inaandikwa. Na kengele, kama ipo, iko chini ya kibao hiki, na skrubu imeshikwa na kutu. Nikiilazimisha itakatika."

"Tufanyeje?"

"Mafuta, na subira. Mpelekee Eugeni. Ana vyote viwili, na ni haki yake aione kabla yetu. Lakini mwambie, Garazi. Macho tu. Umesikia? Mafuta kwenye skrubu, na macho tu."

Garazi alipanda mtaa wa mteremko na bastola ndani ya kikapu, imelala kati ya vitunguu na mkate. Njiani aliyageuza maneno ya Txomin kinywani. Kumwambia shangazi yake asiiguse bastola ni kama kumwambia padri asiibe sadaka. Mwanamke aliyesimama mbele ya gurudumu maisha yake yote, leo afundishwe na nani? Alipofika ghorofa ya tatu alikuwa ameshaamua kutoyasema.

Eugenia alivaa miwani, akafungua kitambaa. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye mgongo wa bastola.

"Masikini," akasema. "Kama mtoto aliyekuja shule bila kunawa uso."

"Txomin anadhani ni ya babu. Tunatafuta kengele, shangazi. Skrubu inataka mafuta."

"Baba hakuwahi kutoa kitu kwake kikiwa hivi." Akaipeleka dirishani. Kutu haikumpa mstari wowote. "Mtaiweka hivi mbele za watu?"

"Ndivyo wanavyopenda siku hizi."

"Nani?"

"Wajuzi."

"Wajuzi," akarudia Eugenia, kama mtu anayetaja wageni wa jirani.

Hapo Garazi angeweza kusema. Alitazama saa, akakumbuka mitihani ya kusahihisha, akambusu shangazi yake mashavu yote mawili, akashuka ngazi.

Aliporudi mwisho wa wiki, Eugenia alimfungulia mlango akiwa amevaa gauni la Jumapili. Nyumba nzima ilinuka mafuta na maji ya magadi, yale ambamo chuma huchemshwa kiwe cheusi. Kwenye kibaraza cha jikoni, kile kigurudumu kidogo alichokifunga kwenye mota ya cherehani, ambacho kazi yake ilikuwa masufuria ya majirani, kilikuwa kimefunikwa taulo. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, bastola ilikuwa nyeusi na inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

"Haya," akasema Eugenia. "Sema basi."

Garazi aliichukua. Hakujua kwa nini alifanya kile alichokichukia tangu utotoni, lakini alikifanya: aliigeuza kuelekea dirishani. Mstari wa fremu ulipita juu ya mgongo wa bastola ukiyumba kama unywele ndani ya maji. Kingo zilikuwa zimelegea. Herufi za jina la mfanyabiashara zilikuwa zimevimba na kufifia, kama maandishi yaliyomwagikiwa chai. Zambarau yote ilikuwa imekwenda.

Alimtazama shangazi yake. Eugenia alikuwa amesimama mikono mbele, amenyooka, kama msichana anayemsubiri msimamizi wake afike mwisho wa safu. Macho yalikuwa na ukungu mweupe. Daktari alishasema ni mtoto wa jicho, na Eugenia alishamjibu daktari kwamba yeye hutazama kwa vidole.

"Inang'aa, shangazi," Garazi akasema.

"Si inang'aa?"

Wakasikia hatua nzito kwenye ngazi, na mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Eugeni! Fungua, au umekufa bila kuniaga?"

"Ningekufa ungesikia wapi, kiziwi wewe!"

"Nimeleta karata. Leo nakuvua hata soksi." Txomin aliingia akicheka, akiwa na bereti kichwani na mkebe wa biskuti mkononi. Akaona meza. Mkebe akauweka chini taratibu sana, kana kwamba ndani mlikuwa na mayai.

Alikaa bila kuvua bereti. Akatoa bisibisi mfukoni, na skrubu iliyokuwa imeshikwa na kutu ikazunguka bila taabu. Kibao kikaachia. Chini yake chuma kilikuwa laini kama kioo, mpaka kwenye pembe, mpaka mahali ambapo hakuna jicho la mnunuzi lililowahi kufika.

"Hapa palikuwa na nini, Eugeni?"

Eugenia alikuwa bado amesimama. "Kengele," akasema.

"Uliiona?"

"Skrubu ililegea baada ya siku mbili. Nikafungua. Ilikuwa kutu tupu, vidoa vidoa. Nikasema kengele iko chini ya kutu, niitoe kutu. Nikaitoa kwa mkono. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaiona, Txomin. Kengele, na kile kidomo chake kinachopinda kidogo kushoto, kwa sababu baba aliiangusha ile nyundo yake ya alama na hakuwahi kuinyoosha. Lakini ilikuwa hafifu. Chafu. Nikasema, watu watakuja, watoto wa shule watakuja, baba asionekane na uso mchafu." Akageukia kibarazani. "Nikawasha gurudumu. Nilitaka mara moja tu zaidi."

Basi. Na alipoianza sehemu hiyo, mikono ikaendelea na nyingine zote, kwa kuwa mikono yake haikujua kuacha kazi nusu.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Txomin akasema mwishowe, bila nguvu.

"Koleo halikuvunjika. Koleo ndilo lililovunja. Ipeleke dirishani uniambie mstari."

"Mstari gani?"

"Usijifanye mjinga, uzee unakutosha. Mstari."

Txomin aliiinua bastola, akaiinamisha kwenye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Unatetemeka."

"Sana?"

"Eugeni..."

"Nimekuuliza. Sana?"

"Sana."

Eugenia akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali. Kisha akageuka.

"Na wewe uliuona, Garazi."

Garazi hakuweza kuinua uso. "Niliuona, shangazi. Na si hivyo tu. Txomin aliniambia nikuambie usiiguse. Sikukuambia. Niliona nitakuvunjia heshima."

"Ukaona bora niivunje mwenyewe."

Hakupaza sauti. Alikwenda jikoni, akarudi na kahawa, akawamiminia wote wawili, wakainywa, na hakuna aliyegusa biskuti.

Kwa siku kadhaa Eugenia hakushuka chini kucheza karata. Mkate alimwagiza jirani. Garazi alipopanda kumwona, alimkuta kwenye kiti, redio imezimwa, mikono imelala mapajani na viganja vikitazama juu. Walikula maharage. Eugenia alikigeuza kisu kuelekea dirishani, akakitazama, akala. Hakusema chochote kuhusu aliyekisugua.

Maonyesho yalikuwa yakikaribia, na Garazi hakulala vizuri. Aliona njia moja. Alimchukua Txomin, wakapanda pamoja.

"Shangazi, wewe uliiona kengele," alisema. "Wewe ni shahidi. Tunaandika kwenye kadi: Bixente Laskurain. Basi. Nani atapinga?"

"Nitatia sahihi yangu," akasema Txomin. "Miaka yote nilitia sahihi bastola za wapuuzi, nitashindwa kutia ya baba yako?"

Garazi aliona jambo likipita usoni mwa shangazi yake. Alilitaka. Alilitaka kama mtu mwenye kiu. Ile nafasi tupu kwenye jiwe la familia alikuwa akiipangusa kila Siku ya Wafu.

"Mnasema vizuri," akasema Eugenia polepole. "Lakini nikuulize, Txomin. Msuguaji ambaye hauoni mstari wa dirisha zima, ataona kengele ya ukubwa wa dengu?"

"Umesema uliiona. Mpaka domo lake."

"Domo lile nalijua tangu utotoni. Labda niliona nilichokitaka." Alifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Leo mnaandika kwa sababu ya huruma, kesho mwingine ataandika lake. Kisha jina la baba litakuwa kama yale majina ya wafanyabiashara, limeandikwa tu. Na nilifute mimi, kisha niliandike mimi? Hapana."

"Basi tutaiacha kabatini," akasema Garazi. "Hakuna atakayejua."

"Mimi najua. Itundikeni."

Txomin akavua bereti. Yeye alielewa mara moja. Garazi ilimchukua muda, maana msumari kwake ulikuwa hadithi ya usiku wa Krismasi.

"Shangazi, hapana. Huo ni ukatili."

"Haukuwa ukatili. Ulikuwa msumari. Karibu na mlango, mahali watu wanapopita. Na karatasi chini yake. Utaiandika wewe, mwandiko wako mzuri, na utaitundika wewe. Usiniandikie maneno ya kunifunika."

Garazi aliandika. Aliichana, akaandika tena. Sheria ilitaka silaha iwe nyuma ya kioo, kwa hiyo walipigilia msumari ndani ya kabati la kioo karibu na mlango, na bastola ikaning'inia hapo kwa waya. Kwenye kadi palisomeka: *Bastola ya Eibar. Fundi hajulikani. Imeharibiwa na msuguaji Eugenia Laskurain.*

Siku ya ufunguzi Eugenia alivaa lile gauni la Jumapili, akaketi kwenye kiti mita chache kutoka mlangoni. Wanawake wa Barrutia walikuja, wale waliobaki, wakiwa na fimbo zao na vitambaa vya shingoni. Walisimama mbele ya kioo, wakasoma, wakamjia. Mmoja akamuuliza habari za magoti. Mwingine akalalamikia bei ya samaki. Hakuna aliyeitaja bastola. Waliikumbuka desturi, na Garazi, akiwa amesimama kando na sahani ya vipande vya mkate na soseji, aliwaona wakiibeba kwa uangalifu kama wabebavyo maji.

Mwanamume mmoja kutoka Bilbao hakuijua desturi. Alikuwa mkusanyaji, na alipenda sana bastola, hilo lilionekana. Aliinama mbele ya kioo akatoa sauti ya mtu aliyechomwa.

"Mungu wangu! Nani mchinjaji aliyefanya hivi?"

Eugenia akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi. "Ni mimi, bwana. Jina liko hapo chini. Soma."

Yule mtu alibadilika rangi, akaanza kuomba radhi, akajikwaa kwenye maneno. "La, usiombe radhi," Eugenia akamwambia. "Umeona vizuri. Ilikuwa nzuri sana, ungeiona. Rangi kama zambarau." Garazi akatazama viatu vyake. Alifikiria ngazi za ghorofa ya tatu, na jinsi alivyokuwa na pumzi ya kutosha kusema sentensi moja.

Maonyesho yalipendwa, yakaongezewa muda hadi baada ya majira ya baridi. Jumamosi zikapita. Karibu kila asubuhi Eugenia alishuka kununua mkate, akapita ukumbini, akaingia na kutoka kama chini ya msumari wa Barrutia, akarudi nyumbani. Karata alizirudia, akamvua Txomin hadi soksi, wakatukanana kama zamani. Lakini visu vya watu aliacha kuvisemea. Alivigeuza tu. Siku moja, wakishuka pamoja, Garazi alimwambia kwamba imetosha, wiki moja ilikuwa ndiyo sheria, na sasa ilikuwa miezi.

"Mwenye jina haombi," akajibu Eugenia. "Akiomba, Jumamosi haifiki."

"Sasa nani aiteremshe? Barrutia ni marehemu."

Eugenia akaendelea kushuka. Garazi aliona haya kuuliza tena. Alidhani shangazi yake ameichagua adhabu hiyo na angependa aachiwe, na wazo hilo lilimpa nafuu, kwa maana lilimruhusu asifanye kitu.

Baada ya Sikukuu ya Mamajusi, mwanzoni mwa Januari, Eugenia alishikwa na kifua. Alipelekwa hospitali, na kifua hakikuachia. Siku ya mwisho Garazi alipomwona ilikuwa Alhamisi, saa ya chakula, mvua ikiteremka milimani. Mhudumu alileta mchuzi wa kuku na kijiko cha bati. Garazi alikaa ukingoni mwa kitanda amlishe. Eugenia akakizuia kijiko njiani kwa vidole viwili, akakigeuza kuelekea dirishani, ingawa dirisha lilikuwa la kijivu na yeye alikuwa haoni tena ila mwanga.

"Mstari ukoje?"

Garazi alitazama. Safari hii alitazama kweli. "Unatetemeka, shangazi."

"Nilidhani hivyo." Akameza mchuzi kidogo. Akapumzika. Garazi alidhani amelala, akaanza kufuta kijiko.

"Bado inaning'inia?"

"Bado."

"Nani aliitundika?"

"Mimi, shangazi. Si uliniambia mwenyewe."

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Eugenia akafumba macho. Mkono wake ukatafuta ule wa Garazi juu ya blanketi, ukaupata, na kidole gumba kikapita taratibu kwenye ukingo wa ukucha, kikipima.

"Basi Jumamosi iteremshe, mwanangu. Nimechoka kupita chini yake."